Bei Imeshuka, Rafu Zimejaa: Je, Huu Ni Wakati wa Kununua Bunduki Marekani?

Mtu anayeingia leo katika duka la silaha huko Texas, Ohio au Georgia anakuta hali ambayo wanunuzi wa mwaka 2020 hawakuiona. Rafu zimejaa, bei zimepunguzwa, na risasi zinauzwa bila mteja kuwekewa kikomo cha maboksi. Watengenezaji wana mali ghalani, wateja wamepungua, na baadhi ya kampuni humrudishia mnunuzi sehemu ya fedha yake ili tu bidhaa itoke. Kwa sababu hiyo, swali la kama huu ni wakati mzuri wa kununua linaulizwa sana Marekani. Linaulizwa pia na wasemaji wa Kiswahili waliohamia huko: Wakongo wa Louisville na Des Moines, Wakenya wa Minnesota, Watanzania wa Houston, watu waliotoka katika nchi ambako raia mwenye bunduki ni nadra na sasa wanaishi mtaa mmoja na jirani mwenye tano.

Wauzaji hulijibu kwa bei. Wanasiasa hulijibu kwa sheria. Majibu yote mawili yana ukweli wake na nitayapima, lakini nasema mapema kwamba jibu lenye uzito zaidi linatoka katika nyumba ambamo silaha hiyo italala.

Tuanze na soko. Bunduki hainunuliwi kama friji, ambayo ikiharibika mtu huleta nyingine. Ikitunzwa hudumu miaka hamsini na zaidi, na Wamarekani tayari wanazo nyingi mno: taasisi ya Small Arms Survey ya Geneva ilikadiria kwamba mwaka 2017 raia wa nchi hiyo walikuwa na silaha milioni 393, zaidi ya moja kwa kila mtu, watoto wachanga wakiwemo. Nchi iliyoshiba namna hiyo haina haja ya silaha mpya kwa mamilioni kila mwaka. Sehemu kubwa ya mauzo hubebwa na hofu, nayo huja kwa sura mbili: hofu ya kuvamiwa, na hofu ya serikali kupiga marufuku.

Kupanda na kushuka kwa hofu hiyo kunaonekana katika takwimu za FBI. Tangu Novemba 1998, anayenunua silaha kwa muuzaji mwenye leseni ya serikali kuu hujaza fomu, kisha rekodi zake hukaguliwa kupitia mfumo uitwao NICS. Idadi ya ukaguzi si idadi ya mauzo, kwa kuwa majimbo kadhaa huutumia mfumo huo hata kwa vibali vya kubeba silaha, lakini mwelekeo wake hufuata soko. Desemba 2012, baada ya muuaji kuingia katika shule ya msingi ya Sandy Hook, Connecticut, na kuua watoto 20 na watu wazima 6, ukaguzi ulikaribia milioni 2.8 kwa mwezi mmoja, rekodi ya wakati huo. Rais Barack Obama alidai sheria kali zaidi, na watu wakakimbilia madukani kabla hazijapita. Bunduki za aina ya AR-15 zilipanda bei kupita kiasi. Hata risasi ndogo za .22, ambazo mababu hufundishia wajukuu kulenga makopo, ziliadimika kwa miezi mingi. Aprili 2013 mswada wa kupanua ukaguzi ukapata kura 54 katika Seneti, ukaanguka kwa kukosa 60. Waliokimbia sheria walilipa bei ya juu kwa ajili ya sheria ambayo haikuja.

Mwaka 2016 mambo yakageuka. Viwanda na maduka vilijaza maghala vikiamini Hillary Clinton atashinda na hofu itauza mali yote. Akashinda Donald Trump, na hofu ya marufuku ikayeyuka. Ukaguzi wa NICS ulishuka kutoka milioni 27.5 mwaka 2016 hadi milioni 25.2 mwaka uliofuata. Kampuni mama ya Smith & Wesson ilikuwa imeuza bidhaa za dola milioni 903 katika mwaka wa fedha ulioishia Aprili 2017; mwaka uliofuata ikauza za milioni 607. Remington, kampuni iliyoanzishwa mwaka 1816 na iliyokuwa na jina kubwa kuliko karibu zote, iliomba ulinzi wa mahakama ya mufilisi Machi 2018. Ikaomba tena Julai 2020, safari hii ikauzwa vipande vipande, na kiwanda chake cha kale cha Ilion, New York, kikafungwa Machi 2024. Aliyenufaika na miaka hiyo mibaya ya viwanda ni mnunuzi asiye na haraka. Kati ya 2017 na 2019 alichagua alichotaka, kwa bei ya kutupa.

Kisha ikaja 2020: Uviko, mauaji ya George Floyd na maandamano yaliyofuata, halafu uchaguzi. Ukaguzi ulifika milioni 39.7, na mamilioni ya watu walinunua bunduki kwa mara ya kwanza maishani mwao, wanawake wengi na Wamarekani weusi wengi miongoni mwao. Risasi ya milimita 9, ambayo awali iliuzwa kwa senti ishirini hivi, ilipita senti sitini, na mahali pengine haikupatikana kwa bei yoyote. Wengi wa wanunuzi hao wapya walirudi nyumbani na silaha wasiyoweza kuifanyia mazoezi, kwa sababu risasi hazikuwepo na madarasa yalifungwa. Naona hilo ndilo kosa kubwa la mwaka ule, kubwa kuliko bei waliyolipa.

Sasa maji yamepwa tena. Chama cha wafanyabiashara wa silaha, NSSF, ambacho huchuja takwimu za FBI ili kukaribia mauzo halisi, kilihesabu ukaguzi wa mauzo upatao milioni 21 mwaka 2020 na wa milioni 15 na kidogo mwaka 2024. Smith & Wesson iliyouza bidhaa za zaidi ya dola bilioni moja katika mwaka wa fedha 2021 ilishuka chini ya nusu bilioni miaka miwili baadaye. Trump yuko tena Ikulu, na hakuna anayetarajia Washington ipige marufuku chochote katika muhula huu. Kwa mkoba peke yake jibu ni ndiyo: wakati mzuri wa kununua bunduki Marekani ni ule ambao watu hawana hofu, na huu ni mmojawapo. Yapo ya kuangalia, hasa ushuru mpya wa forodha unaogusa silaha kutoka Austria, Italia na Brazil, pamoja na bei za shaba na baruti, lakini hayo hayajairudisha hali ya 2020.

Hapa niseme neno juu ya wale wanaonunua wakiamini kwamba bunduki ni akiba isiyopoteza thamani. Imani hiyo inatokana na silaha za aina moja tu. Mwaka 1986 Bunge la Marekani lilifunga daftari la bunduki za rashasha kwa raia, zile zinazomimina risasi mfululizo, hivyo zilizosajiliwa kabla ya Mei mwaka huo hazitaongezeka kamwe, na leo huuzwa kwa makumi ya maelfu ya dola. Bastola ya kawaida ya dola 500 haina uadimu huo. Ukiirudisha dukani wiki ijayo, muuzaji atakupa sehemu tu ya ulicholipa, maana naye anataka faida na kiwanda kinaendelea kutoa nyingine. Mwenye dola 500 za akiba azipeleke penginepo.

Kuhusu sheria, Marekani ya leo ni nchi mbili. Serikali kuu inalegeza. Kodi ya dola 200 iliyowekwa mwaka 1934 kwa vizuia sauti na bunduki za mtutu mfupi imeshushwa hadi sifuri kuanzia 1 Januari 2026, ingawa usajili umebaki. Majimbo 29 yanaruhusu mtu mzima kubeba bastola hadharani bila kibali. Upande wa pili, California inatoza kodi yake ya asilimia 11 tangu Julai 2024 na Colorado asilimia 6.5 tangu Aprili 2025. Illinois na Washington zilipiga marufuku mwaka 2023 uuzaji wa bunduki nyingi za aina ya AR-15, na Washington imepitisha sheria ya kumtaka mnunuzi apate kibali na mafunzo kwanza, itakayoanza Mei 2027. Kwa hiyo mkazi wa Texas anayeharakishwa na muuzaji kwa maneno ya "nunua kabla hawajazuia" anatishwa bure. Mkazi wa Seattle ana tarehe ya kweli mbele yake, lakini tarehe hiyo nayo inadai tu apate kibali na ahudhurie mafunzo, jambo ambalo mnunuzi mwenye busara angelifanya hata bila kulazimishwa.

Kwa mhamiaji, sheria ina meno ambayo muuzaji hatamwambia. Mwenye viza ya muda, ya masomo, ya utalii au ya kazi, kwa kawaida haruhusiwi kumiliki wala kushika bunduki au risasi, isipokuwa kwa vighairi vichache kama kuwa na leseni halali ya uwindaji. Asiye na karatasi haruhusiwi kabisa. Mwenye ukaazi wa kudumu, ile grini kadi, na mkimbizi aliyepokelewa rasmi hawabanwi na katazo hilo, japo sheria za jimbo zinaweza kuongeza masharti. Na neno "kushika" lichukuliwe kama lilivyo. Mwanafunzi mmoja kutoka Falme za Kiarabu, aliyekuwa amefukuzwa chuo Florida na hivyo kupoteza uhalali wa viza yake, alikwenda katika uwanja wa kulengea shabaha, akafyatua bunduki za kukodi kwa mazoezi, akashtakiwa na kuhukumiwa. Mwaka 2019 Mahakama Kuu ya Marekani ilisema waendesha mashtaka walipaswa kuthibitisha kwamba alijua hali yake ya uhamiaji, lakini katazo lenyewe likabaki palepale. Tangu mwaka 2022 adhabu yake inaweza kufika miaka 15 gerezani.

Jambo la pili linawagusa watu wetu moja kwa moja, kwa sababu ya jinsi tunavyoishi kindugu. Shemeji anakuja na kusema, nichukulie ile bastola kwa jina lako, fedha hii hapa, mimi karatasi zangu bado. Tunaosaidiana nauli, kodi ya nyumba na mahari tunaweza kuona hilo ni ombi kama mengine. Kwa sheria ya Marekani ni kosa kubwa, maana fomu inauliza wazi kama mnunuzi anajinunulia mwenyewe, na kujibu uongo ni jinai. Mwaka 2014 Mahakama Kuu ilithibitisha hatia ya aliyekuwa polisi huko Virginia, aliyemnunulia mjomba wake bastola ili apate punguzo la bei, ingawa mjomba huyo mwenyewe alikuwa na haki ya kumiliki silaha na alikaguliwa kabla ya kukabidhiwa. Kwa asiye raia adhabu haiishii gerezani. Hatia ya kosa la silaha inaweza kumwondoa nchini, hata akiwa na grini kadi ya miaka ishirini na watoto waliozaliwa huko.

Yaongezwe mengine mawili. Anayetumia bangi, hata katika jimbo lililoihalalisha, bado anahesabiwa na sheria ya serikali kuu kuwa hana haki ya silaha. Na ugomvi wa mke na mume, ambao kwetu wazee wangeukalia kikao, huko polisi wakiitwa na mmoja akapatikana na hatia hata ya kosa dogo la kumpiga mwenzake, haki ya kumiliki bunduki inaweza kuondoka moja kwa moja. Mwaka 2024 Mahakama Kuu, kwa majaji wanane dhidi ya mmoja, ilikubali pia kwamba mtu aliyewekewa amri ya kumlinda mwenzi wake anaweza kunyang'anywa silaha.

Ngozi nayo ina gharama yake. Philando Castile alikuwa na kibali halali cha kubeba bastola. Julai 2016, karibu na St. Paul, Minnesota, alisimamishwa barabarani akamwambia polisi kwa adabu kwamba ana silaha. Aliuawa ndani ya gari lake, mchumba wake na mtoto mdogo wakiwa wanaona, na mwaka uliofuata baraza la wazee wa mahakama likamwachia polisi huyo. Mwafrika anayefikiria kutembea na bastola kiunoni Marekani anapaswa kuihesabu hatari hiyo pamoja na bei ya dukani.

Nimefika kwenye nyumba yenyewe. Utafiti wa kituo cha Pew wa mwaka 2023 ulikuta asilimia 72 ya wenye bunduki wakitaja kujilinda kama sababu kubwa. Sidharau sababu hiyo. Mwanamke anayewindwa na mume wa zamani aliyeapa kumuua, au familia inayoishi shambani Montana ambako gari la polisi huchukua muda mrefu kufika, wana sababu ya kweli. Lakini ni mara ngapi bunduki kweli humwokoa mwenyewe? Wanazuoni wamebishana miaka thelathini. Gary Kleck na Marc Gertz walikadiria mwaka 1995 matukio milioni 2.5 ya kujilinda kwa bunduki kila mwaka, huku uchunguzi wa serikali wa wahanga wa uhalifu ukitoa makadirio ya makumi ya maelfu tu. Pengo la namna hiyo linatosha kumfanya mtu asiamini tangazo lolote la biashara linalotaja idadi.

Upande wa madhara hauna mabishano makubwa hivyo. Mwaka 2023 zaidi ya watu 46,000 walikufa kwa bunduki Marekani, na zaidi ya 27,000 kati yao walijiua. Tunapofikiri juu ya bunduki tunamwona mwizi dirishani, lakini kati ya watu kumi wanaokufa kwayo, takriban sita wamekufa kwa mikono yao wenyewe. Mwaka 2020 jarida la tiba la New England lilichapisha utafiti uliofuatilia wakazi milioni 26 wa California kwa miaka zaidi ya kumi. Wanaume wenye bastola walijiua kwa bunduki karibu mara nane zaidi ya wanaume wasio nazo. Wanawake, mara 35. Hatari hiyo ilikuwa kali kuliko wakati mwingine wowote mara tu baada ya silaha ya kwanza kununuliwa, ingawa iliendelea kwa miaka. Timu hiyohiyo ilionyesha mwaka 2022 kwamba watu wazima wanaoishi na mwenye bastola waliuawa mara nyingi zaidi kuliko majirani wanaoishi katika nyumba zisizo na silaha, na wengi wa waliodhurika hivyo ni wanawake.

Matokeo hayo yanabadilisha maana ya swali tulilo nalo. Kama siku za kwanza baada ya kununua ndizo za hatari zaidi, basi neno "wakati" linamhusu mnunuzi mwenyewe kuliko soko. Mtu aliyefukuzwa kazi mwezi huu, aliyeachwa, aliyefiwa, anayelewa kila usiku au asiyelala, yuko katika wakati mbaya kuliko wote hata kama bei ni nusu. Shida ya moyo mara nyingi hupita. Mtu aliyevuka usiku mmoja mgumu kwa kawaida huishi miaka mingi baadaye, lakini bunduki haimpi nafasi ya kuuvuka.

Watoto nao wahesabiwe. Tangu mwaka 2020 bunduki ndiyo inayoongoza kwa kuua watoto na vijana Marekani, ikiipita ajali ya gari. Novemba 2021, Ijumaa ile kubwa ya punguzo la bei baada ya sikukuu ya Shukrani, baba mmoja huko Michigan alinunua bastola ya milimita 9 kwa ajili ya kijana wake wa miaka 15. Siku nne baadaye kijana huyo aliichukua akaua wanafunzi wanne katika shule ya sekondari ya Oxford. Mwaka 2024 baba na mama yake walipatikana na hatia ya kuua bila kukusudia, wakahukumiwa kifungo cha miaka 10 hadi 15. Jambo la kuifungia silaha si dogo hata kidogo: shirika la RAND, ambalo limepitia tafiti nyingi za sera za silaha kwa jicho gumu, linaona ushahidi wenye nguvu kwamba sheria za kuwazuia watoto kufikia bunduki hupunguza vijana kujiua na kujeruhiwa kwa bahati mbaya.

Na hofu yenyewe ya uhalifu haina msingi iliokuwa nao miaka michache iliyopita. Mauaji yaliyopanda ghafla mwaka 2020 yamekuwa yakishuka, na kwa hesabu ya FBI mwaka 2024 yalipungua kwa karibu asilimia 15 ukilinganisha na mwaka uliotangulia. Anayenunua leo kwa sababu ya picha za 2020 anajikinga na mwaka uliokwisha.

Hukumu yangu ni hii. Mwindaji, mlenga shabaha, au mtu mwenye tishio la kweli na linalojulikana, aliye na hadhi halali, aliyekwisha kupata mafunzo, na ambaye nyumba yake ni tulivu, hajakosea kununua sasa, mradi anunue sefu ya chuma kabla ya bunduki na asiwape watoto siri ya namba zake. Wengine wote, nao ni wengi zaidi, bei nafuu isiwavute. Nguvu ya taa nje ya mlango, kitasa imara na jirani mnayepigiana simu haipimwi na FBI, lakini haijamuua mtoto wa mtu.

Na kama silaha tayari imo ndani na mmoja wenu amelemewa, itoeni leo. Majimbo kadhaa yana maduka, viwanja vya kulengea na vituo vya polisi vinavyokubali kuihifadhi kwa muda, lakini piga simu kwanza uulize utaratibu. Anayehitaji kuzungumza na mtu apige 988 kutoka popote Marekani, saa yoyote, bila malipo. Na kama Kiingereza ni kigumu, ataje Kiswahili atafutiwe mkalimani.